Mboji Aliyoikubali Mama Chekeche

Baba ameniomba nisome mimi. Anasema miguu ya kusimama hapa anayo, ila sauti haitamfikisha mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo mnayemsikia ni binti mkubwa wa marehemu, na haya ninayoyasoma tumeyakusanya nyumbani, mezani, kila mtu akikumbuka lake na Mjomba akitusahihisha.

Mama yetu, ambaye soko zima lilimwita Mama Chekeche, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la babu yetu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Babu alikuwa fundi cherehani, na Bibi aliuza mboga kwenye baraza ya duka hilo hilo. Siku hiyo mtoto alimtangulia mkunga. Mkunga alipoingia alimkuta amekwishafungwa katika kitambaa cha suruali ya mteja, maana ndicho kilichokuwa karibu na mkono wa Babu. Mteja alipofuata suruali yake akaelezwa yaliyotokea. Alicheka, akasema kitambaa kimeshapata mwenyewe, yeye atatafuta kingine.

Mjomba, yaani mdogo wake anayemfuata, anasema tabia ya kuchambua ilimwingia mapema. Akipewa mchele atoe mawe, nyumba nzima ilijua chakula kitachelewa. Hakuishia kwenye mawe. Alitoa na makapi, na punje zilizobadilika rangi, na punje ambazo yeye mwenyewe alizishuku tu kwa kuzitazama. Bibi alilalamika kwamba mtoto huyu atawaua kwa njaa kabla mawe hayajawavunja meno, lakini kazi ile hakumpa mtu mwingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1975 na kufaulu vizuri katika biolojia. Ndoto yake ilikuwa uuguzi. Alikubaliwa chuoni, akashonewa sare na Babu kwa mikono yake, akaondoka nyumbani kwa vifijo. Muda si mrefu akarudi. Ilikuwa hivi: kila alipoona damu, alianguka. Wauguzi walimbeba yeye badala ya wagonjwa. Mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye busara, alimwita ofisini akamwambia kwamba kuzirai si aibu, ila wodini hatafaa, na kwamba kuna kazi ya afya inayofanywa kabla mtu hajaugua. Akamwandikia barua ya kumpeleka chuo cha afya ya mazingira. Huko alistawi. Aliweza kushika panya aliyeoza bila kupepesa macho, akachungulia mifereji ambayo wanaume waliipita mbio huku wameziba pua. Alihitimu mwaka 1980.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na ofisi ya mji kuwa bibi afya wa soko kuu. Wazee mliokuwepo mnalikumbuka soko la wakati ule. Nyuma ya mabanda ya mboga kulikuwa na kilima cha takataka kilichokuwa kikikua kama mtoto anayelishwa vizuri: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizopasuka, mapapai yaliyolainika, na ndani yake chupa, waya, makopo na kandambili za mguu mmoja. Ofisi ya mji ilipochoka na kilima hicho ilifungua yadi ya mboji upande wa pili wa ukuta, mwaka 1985, ili mabaki yaozeshwe yageuke mbolea na wakulima wa mjini wauziwe.

Wazo lilikuwa zuri. Mboji yenyewe ilikuwa aibu. Ilitoka nyeusi na yenye majimaji, ikinuka kama mayai mabovu, na kwa sababu haikuwa imeiva, iliunguza mimea badala ya kuilisha. Mtu aliinunua mara moja, kisha hakuonekana tena. Mama alikuwa ofisini siku mama mmoja mwenye bustani ya maua alipoingia na mkono umefungwa kitambaa. Yule mama hakugomba. Aliweka kipande cha chupa mezani akauliza, "Nilinunua mbolea. Hiki nacho kinaota nini?"

Meneja wa yadi aliomba radhi kama ilivyopasa. Mama yeye aliomba uhamisho. Aliandika kwamba anataka kutoka ofisini na kwenda yadini, kusimamia ubora wa mboji. Hapakuwa na cheo kama hicho. Wenzake walidhani ameadhibiwa, wakaja kumpa pole. Aliwajibu kwamba ameomba mwenyewe, na wengine wakazidi kumpa pole.

Alianzia sokoni, kwa sababu alisema huwezi kupata mboji safi kutoka kwenye ndoo chafu. Hakuhutubia mtu. Alichukua kreti tupu, akaketi kati ya wauza mboga, akaanza kuchambua takataka zao kwa mikono yake huku akiwasikiliza habari zao. Mwenyekiti wa wauza mboga wakati ule alikuwa mama mwenye sauti ya kufungua milango, na hakupendezwa. Alimuuliza kama anataka wao wauze, wafagie, na bado wamchambulie takataka.

"Usinichambulie," Mama alimwambia. "Nakupa ndoo moja. Kisichooza usikitie humo. Basi."

Yule mama alikubali shingo upande, na ndoo ya kwanza ikajaa vizuri. Ya pili ilikuwa na betri. Mama aliirudisha kimya kimya, akaiweka mbele ya meza yake, akaenda zake. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, ndoo zikirudi, watu wakinuna, wakicheka, wakizoea. Yule mwenyekiti ndiye baadaye aliyekuwa akiwafokea wageni wanaotupa mifuko kwenye ndoo za maganda. Ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa, na Mama alimlilia kama dada yake.

Kisha akayageukia marundo yenyewe. Aliona kwamba mabaki ya soko yana maji mengi, yanajibana, hewa haipiti, ndiyo maana yananuka. Yalihitaji kitu kikavu cha kuyatenganisha. Aliagiza majani makavu, lakini hayakutosha. Hapo ndipo alipoanza kuzunguka kwenye karakana za maseremala kuomba maranda, na hapo ndipo Baba anapoingia katika wasifu huu.

Baba alikuwa mjane. Mke wake wa kwanza, mama aliyenizaa, alifariki nikiwa mdogo sana. Baba alikuwa na karakana yenye paa la mabati, na maranda yalijaa hadi dirishani. Mwaka 1988 akaingia bibi afya mmoja aliyevaa viatu vya mpira, akainama, akachota maranda, akayanusa, na kabla hata ya salamu kumalizika akauliza kama mbao hizo zimepakwa dawa, kwa maana maranda yenye dawa yangeharibu mboji.

"Hazijapakwa," Baba alimjibu. "Hata fundi mwenyewe hajapakwa."

Anasema Mama hakucheka. Alichukua magunia yake akaenda. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena, mpaka maranda yakaisha na bado anakuja. Alipolalamika kwamba wavu wake wa kuchekechea mboji unapitisha vipande vya kioo, Baba alimtengenezea chekeche kubwa la fremu ya mbao ngumu, lenye waya wa matundu madogo, na mishikio miwili ili watu wawili walitikise wakiwa wamesimama bila kuinama. Yadi yote ililipenda. Kutokana na chekeche hilo Mama alipata jina lake, na Baba akapata mke. Yeye mwenyewe husema mwanamke alifuata maranda akaondoka na seremala.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1989. Katikati ya sherehe bibi harusi alipotea. Shangazi alimtafuta ukumbi mzima roho juu, akihofia mabaya. Alimkuta uani, gauni limekunjwa na kushikiliwa kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukitoa vikombe vya plastiki kwenye pipa la mabaki ya chakula. Shangazi alimwambia, kwa ukali, kwamba leo ni siku yake. Mama alisema anajua, lakini pipa hilo kesho litaletwa kwake.

Mimi nilikuwa na miaka sita. Hakuniambia nimwiteje. Siku chache baada ya harusi aliniuliza kama nataka kuona rundo linalotoa moshi bila moto. Alinipeleka yadini asubuhi ya baridi, na kweli, walipolifungua kwa uma, mvuke ulipanda kama kwenye sufuria. Aliniambia ndani mna viumbe wadogo tusiowaona, wanakula, na wakila wanapata joto kama sisi tukicheza. Nilirudi nyumbani nikimweleza Baba, "Mama amesema wako wengi kuliko watu wote wa mjini." Nilisikia neno limeshatoka. Hakuna aliyenisahihisha, na sikulirudisha. Baadaye wakazaliwa wadogo zangu wawili, fundi umeme na mwalimu, ambao leo wako hapa mbele, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutumia neno kambo.

Kwa miaka mingi kazi ilikwenda vizuri. Mboji ilikaa mpaka ikaiva. Mtu wa haraka aliambiwa asubiri. Mama aliingiza mkono ndani ya rundo: likiwa bado na joto, bado. Likipoa, alilinusa: likinuka chochote zaidi ya udongo uliopata mvua, bado. Kisha alichanganya kiasi kidogo na udongo katika mkebe, akapanda maharage, na pembeni akaweka mkebe wenye udongo mtupu wa kulinganishia. Maharage yakiota sawasawa pande zote mbili, alisema neno moja: "Litoke." Wenye bustani waliacha kuuliza bei wakawa wanauliza kama yeye amelipitisha.

Sasa nieleze la mwaka 2003, kwa sababu bila hilo hamtajua mlikuwa mnaishi na mtu gani.

Ofisi ya mji ilikuwa imetangaza kwamba yadi isipojisimamia kwa mauzo yake msimu ule, itafungwa na uwanja wake ugeuzwe maegesho ya magari. Rundo kubwa la msimu lilikuwa tayari. Lilikuwa jeusi, laini, limechekechwa vizuri, linanukia. Maharage yaliota kwa furaha. Mama akasema litoke, na sehemu yake ikauzwa siku hizo hizo.

Mikebe ile kwa kawaida ilimwagwa mara tu maharage yakishaota. Safari hii iliachwa dirishani. Siku kadhaa baadaye Mama alipita, akasimama. Majani ya kwanza yalikuwa sawa, lakini yaliyofuata yalikuwa yamejikunja kwa ndani, kama kiganja kinachoficha kitu. Kwenye mkebe wa udongo mtupu, majani yalikuwa yamekunjuka vizuri kabisa.

Alimwita meneja. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ofisi ya mji shingoni, alitazama akasema labda ni maji. Mama alisema mikebe yote imenyweshwa na mkono mmoja.

"Maharage haya machache, mama," meneja alimwambia. "Kwa maharage machache unataka tufunge yadi?"

"Sitaki tuifunge. Nataka mtu akinunua kwetu asijute."

Akaagiza mauzo yasimame. Habari zikaenea, na wafanyakazi wakamzunguka. Kiongozi wa wapinduaji, yaani wanaogeuza marundo kwa uma, mwanaume aliyefanya naye kazi tangu siku za kwanza, alimwambia mbele ya wote kwamba yeye ana cheti chake, yadi ikifa ofisi itamhamisha. "Sisi tutahamishiwa wapi?" aliuliza. Jioni ile nyumbani Mama alikaa mezani bila kugusa chakula. Baba alimuuliza kama anataka aambiwe aache.

"Nataka uniletee mikebe," alisema. "Yote uliyonayo."

Baba alimwaga misumari yake chini, ya inchi zote, akampa mikebe. Kesho yake Mama alianza kupanda maharage katika kila kitu kilichoingia kwenye rundo lile, kimoja kimoja: mabaki ya soko peke yake, maranda peke yake, majani makavu peke yake, na majani mabichi ya kufyekwa yaliyokuwa yakiletwa kutoka kiwanja cha michezo. Maharage hayaoti kwa amri. Ilibidi kusubiri. Wakati akisubiri, alichukua mkokoteni wa mbao wa Baba akaanza kuwafuata wote waliokwishanunua.

Nilikwenda naye siku mbili za mwanzo, nilikuwa tayari mtu mzima. Kwenye kila geti alisema maneno yale yale. Alisema mboji aliyowauzia ina kasoro, hajajua bado ni kasoro gani, kosa ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyeipitisha, na ambayo haijatumika anarudi nayo. Wengine walishukuru. Mmoja alicheka akasema hajawahi kuona mwenye duka anayekimbiza bidhaa zake mwenyewe. Mwingine alikataa kuirudisha, akidhani ni janja ya kumuuzia mtu mwingine kwa bei nzuri zaidi, na Mama alimwomba walau asiitie kwenye maharage wala nyanya.

Kwa mwenye kitalu cha miche tulichelewa. Alikuwa amejaza vijaruba vyake vyote. Alitupeleka tukaone. Miche ya nyanya, mstari kwa mstari, ilikuwa imejikunja vile vile.

"Nilidhani ni wadudu," alisema. "Nimepiga dawa siku zote hizi. Kumbe ugonjwa nimeununua mwenyewe, kwako."

Mama alivua viatu, akaingia kwenye vijaruba, akaanza kung'oa. Yule mwenye kitalu alimtazama kwa muda, kisha akaingia upande wa pili akang'oa naye. Baada ya siku hiyo, kila alipomaliza kazi yadini Mama alipita kitaluni kubeba udongo mpya, kupanda tena mbegu, kumwagilia. Mwenye kitalu hakumsemesha zaidi ya salamu. Mpaka siku moja Mama alipofika akakuta kigoda kimewekwa pembeni ya kijaruba, pale ambapo yeye huinama. Alikaa.

Mikebe nayo ikajibu. Ya maranda, sawa. Ya mabaki ya soko, sawa. Ya majani ya kiwanjani, maharage yalijikunja kama yaliyopigwa. Mama alikwenda kwa mtunza kiwanja. Huyu hakuficha kitu. Alitoa dumu la dawa mpya aliyopewa ya kuua magugu, ambayo haigusi nyasi, inaua mimea ya majani mapana tu. Alikuwa ameambiwa aue magugu, akayaua, hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo hubaki ndani ya nyasi hata zikioza. Mama alimshukuru, akamweleza kwamba maharage na nyanya nazo zina majani mapana. Mtunza kiwanja alishika kichwa.

Chanzo kikajulikana, lakini rundo lilikuwa bado limekaa pale, kubwa, limegharimu jasho la watu. Meneja alipendekeza kulichanganya kidogo kidogo na marundo mapya, mpaka dawa ipungue isionekane. Wafanyakazi wengi walikubaliana naye. Mama alikataa. Alisema wakichanganya watakuwa na marundo mengi mabaya badala ya moja. Kisha akasema kama dawa haigusi nyasi, mboji hiyo ina pa kwenda: irudi kiwanjani ilikotoka, itandazwe kwenye nyasi, na ofisi ya mji iache kununua mbolea ya dukani kwa ajili ya kiwanja. Aliyetangulia kucheka ni yule kiongozi wa wapinduaji. Alichukua beleshi lake.

Siku ya kikao cha ofisi ya mji cha kuamua kama yadi ifungwe, meneja alisimama akaeleza yote mwenyewe, bila kupunguza, na Mama aliketi nyuma yake. Mlango ukafunguliwa akaingia mwenye kitalu, ambaye hakuwa amealikwa. Alisema yeye ndiye aliyeharibikiwa kuliko wote. "Na mimi ndiye ninayesema yadi ibaki," alisema. "Nikinunua kwingine, nani atakuja mlangoni kwangu kuniambia ameniuzia kibaya?"

Yadi ilibaki. Mbele ya wafanyakazi Mama alitangaza utaratibu mpya: maharage hayatazamwi yanapoota tu, yanasubiriwa mpaka majani ya pili na ya tatu yakunjuke, na kila mzigo wa majani unaoletwa unaulizwa ulikotoka. Kiongozi wa wapinduaji alisema hayo yatawachelewesha. Mama alikubali kwamba yatawachelewesha. Hata hivyo hakubadilisha.

Mwenye kitalu yuko hapa leo. Hadi sasa hachukui mboji kabla hajaonyeshwa mikebe.

Mama alistaafu mwaka 2018, kwa karatasi tu. Aliendelea kwenda yadini, akimfundisha msimamizi mpya, dada aliyetoka chuo kile kile alichosoma yeye. Hawakuelewana mara moja. Msimamizi alileta kipimajoto kirefu cha kuchoma ndani ya rundo, na Mama aliendelea kuingiza mkono. Wiki nzima walishindana, kila mmoja akitaja jibu lake, hadi Mama akakubali kwamba kipimajoto kinafika katikati ambako mkono wake haufiki. Akaomba na yeye apewe chake. Tulimzawadia siku yake ya kuzaliwa, akakionyesha kwa majirani kama watu wengine wanavyoonyesha hereni.

Mwaka 2021 alianza kuishiwa pumzi. Miguu ilivimba, akawa analala akiwa ameegemea mito. Hospitalini waligundua kwamba moyo wake umepanuka na umechoka. Daktari alimkataza kusukuma toroli na kubeba chochote. Alitii, kwa namna yake: alikaa kwenye kiti karibu na marundo na kuwaelekeza wengine kwa fimbo. Baba ndiye aliyempeleka na kumrudisha kila siku, akamtengenezea kiti chenye mgongo wa kulalia, na akawa anakaa naye hapo akichonga vijiko vya mbao. Mama alidai maranda yake.

Mwezi wa tisa mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa. Alipopata nafuu kidogo aliwauliza wauguzi mabaki ya jikoni hospitalini yanapelekwa wapi. Jibu halikumridhisha, na kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani mpishi mkuu alikuwa ameshaahidi ndoo mbili, moja ya vinavyooza na nyingine ya visivyooza. Tumesikia ziko, na zinatumika.

Alilazwa tena siku za mwanzo za Oktoba. Msimamizi alikuja kumwona akiwa na wasiwasi. Mvua zilikuwa karibu, wauza miche walikuwa wanaisubiri mboji, na kulikuwa na rundo lililopoa na kunukia vizuri, lakini maharage yake yalikuwa bado hayajafika majani ya tatu. Alitaka kujua kama Mama anaona linaweza kutoka. Mama alikuwa anazungumza kwa shida wakati huo. Alimshika mkono.

"Mimi siko huko," alimwambia. "Uliza maharage."

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, asubuhi, Baba akiwa ameketi kando yake. Alikuwa na miaka 66. Baba anasema alimwomba amwinue kidogo kwenye mto, akamwinua, akamshukuru kwa jina alilomwita wakiwa wawili tu. Jina hilo hatulisomi hapa.

Siku iliyofuata lori lilifika yadini kufuata mboji ya msimu. Msimamizi alikuwa amelia hadi macho yamevimba, na wafanyakazi walikuwa wakijiandaa kuja msibani kwetu. Ingekuwa rahisi kulipakia, mtu akajiendea zake kuomboleza. Msimamizi alikwenda dirishani akatazama mikebe. Majani ya tatu yalikuwa bado yamefumba. Akatoka nje, akamwambia dereva arudi, rundo halijaruhusiwa. Dereva alimuuliza limekatazwa na nani, maana Mama Chekeche si amefariki. Msimamizi alimjibu kwamba limekatazwa na yeye, msimamizi. Ametusimulia haya mwenyewe jana jioni, na Baba, ambaye tangu Jumatano hakuwa amekula, aliomba chakula.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu watano. Ameacha mdogo wake wa kiume, mjomba wetu, na dada yake mkubwa aliyesafiri kutoka mbali kuwa nasi. Ameacha msimamizi na wafanyakazi wa yadi, ambao amewahesabu kuwa watoto wake na sisi tumewakubali kuwa ndugu. Ameacha bustani nyingi za mji huu zikiwa na udongo mzuri kuliko alivyozikuta.

Mama, umefanya kazi mpaka mwisho na hukuikubali iliyo nusu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole. Pumzika sasa, na amani iwe nawe.